Filta Iliyonukia Arusi

Mzee wa Kimarekani aliyeniuzia nyumba hii, katika kitongoji kimoja cha Minneapolis, aliniachia vitu vitatu: reki ya majani, funguo nne ambazo hadi leo sijui zinafungua nini, na kikaratasi cha manjano alichokibandika kwenye mlango wa friji. Kikaratasi kilisema: badilisha filta kila siku 90.

Sasa nawe niambie. Karatasi iko kwenye friji. Friji yenyewe ina filta ya maji, iko ndani pale juu, unaizungusha inatoka. Wewe ungeelewaje?

Basi ndivyo nilivyoelewa na mimi. Miaka miwili na nusu nikawa nabadilisha filta ya friji kila siku 90, sikosi, nimetia na kengele kwenye simu. Dola 45 kila moja. Kiboksi chake kiliandikwa miezi 6, lakini mimi nilimwamini mzee. Maji yetu yalikuwa safi kushinda dhamira yangu. Mgeni akija nampa gilasi, kisha nasimama kumtazama akinywa, nangoja sifa.

Na kule chini, besmenti, yaani chumba kilicho chini ya nyumba, nyuma ya masanduku ya nguo za watoto, hita ya nyumba ilikuwa inakata roho polepole.

Mnisamehe. Mimi ni mtu wa Kisauni, Mombasa. Nyumba niliyokulia ilikuwa ikipumua yenyewe: dirisha hili linaingiza upepo, lile linautoa, na joto likizidi unachukua mkeka unatoka barazani. Haikunipitikia kabisa kwamba nyumba inaweza kuwa na pua. Kumbe za huku zinazo. Kuna wavu wa chuma ukutani, chini karibu na sakafu, hapo ndipo nyumba inapovutia hewa. Hewa inashuka besmenti, inapita kwenye filta, inapashwa moto na hita, halafu feni moja kubwa inaisukuma kupitia mifereji ya bati hadi kila chumba. Kiangazi ni feni hiyohiyo, njia hiyohiyo, ila inapeleka baridi ya AC. Filta ndiyo nywele za puani. Haya yote niliyajua baada ya kulipa.

Mama alikuja Oktoba kututembelea, akakaa. Begi moja nguo, begi la pili iliki, pilipili, ubani, udi, na chetezo kilichofungwa kwenye leso tatu kama mtoto mchanga. Alhamisi usiku ya kwanza akafukiza. King'ora cha moshi kikalia, watoto wakatoka mbio hadi kwenye theluji na soksi, jirani akachungulia dirishani na simu mkononi. Nikamwambia, "Mama, huku moshi ni kesi." Akasema amesikia.

Na kweli king'ora hakikulia tena. Harufu ilikuwepo, lakini taratibu, ya heshima, tena inafika mpaka chumba cha watoto ghorofani. Nikadhani amepunguza. Nikamsifu mbele ya mke wangu: waona, mtu mzima ukimweleza kwa upole anaelewa.

Usiku wa mkasa ulikuwa Jumapili ya Januari. Nje nyuzi 29 chini ya sifuri, baridi ambayo ukimwaga maji ya moto hewani yanageuka vumbi jeupe kabla hayajafika chini. Saa nane za usiku nikapigwa kiwiko.

"Baba Watoto, pua yangu imeganda."

Nikaenda kwenye themostati, ile mashine ndogo ya ukutani ya kupangia joto. Nimeiweka 70 za Fahrenheit, yenyewe inasoma 58, yaani kama nyuzi 14 za kwetu. Mombasa Julai ikishuka 20 watu wanafukua masweta. Nikaweka mkono kwenye tundu la hewa: feni inavuma sawasawa, ila upepo wake wa jokofu.

Nikashuka besmenti na tochi ya simu. Pembeni mwa hita kuna swichi kama ya taa. Nikaizima, nikahesabu hadi thelathini, nikaiwasha. Ikaguruma, ikakohoa, moto wa buluu ukajipanga safu moja kama askari wa gwaride, na joto likaanza kupanda. Nikarudi juu kifua mbele.

"Imepona," nikatangaza.

Dakika saba. Puu. Moto ukazima, feni ikaendelea kutupulizia baridi.

Nikashuka tena. Zima, hesabu, washa. Imepona. Dakika saba, puu. Kufikia alfajiri nilikuwa nimepanda na kushuka zile ngazi kama muadhini wa zamani, kabla ya vipaza sauti.

Mama alikuwa sebuleni, amejifunga leso, blanketi, na juu yake koti langu la theluji. Akanitazama napita mara ya tano.

"Mwanangu, hiyo mashine ina mtu."

"Mama, hiyo ni gesi na umeme."

"Inawaka ikikuona. Ukiipa mgongo inazima. Hiyo inataka kusomewa."

Akashuka mwenyewe, ngazi moja baada ya nyingine, akasimama mbele ya hita akaisomea. Na nisiwe mwongo, alipomaliza ikawaka. Ilizima baada ya dakika saba, lakini hizo mama hakuzihesabu.

Asubuhi nikamwita rafiki yangu mmoja wa Bukavu, fundi magari. Nilijua gari si hita, lakini nilikuwa nimeshaulizia bei ya fundi wa hita siku ya Jumapili, nikaambiwa dola 180 za kufika tu, kabla hajafungua sanduku lake. Rafiki akaja na spana zote alizo nazo. Akaizunguka hita mara mbili, akainama, akachungulia kwenye kijitundu cha kioo kilichoko mbele.

"Mukubwa, kuna kataa kanapepesa."

Kweli. Kitaa chekundu kinapepesa mara nne, kinapumzika, mara nne tena. Tukakitazama kwa muda, kama watu wanaosubiri kielezwe kwa Kiswahili. Akaamua kufungua mlango wa bati wa chini. Alipouvuta tu, feni ikakata, kitaa kikazima, kimya.

"Tumeiua," nikasema.

"Iko kimya kabisa," akasema yeye, kwa sauti ya msibani.

Tulisimama pale labda dakika kumi, kila mmoja akipanga moyoni jinsi ya kumwambia mke wangu. Ndipo yeye, kwa kukata tamaa tu, akaurudisha mlango mahali pake. Tiki. Hita ikafufuka. Kumbe nyuma ya ule mlango kuna kiswichi cha usalama: ukiufungua, mashine yote inakatwa umeme, ili mtu kama mimi asiache vidole vyake kwenye feni. Na upande wa ndani wa mlango huohuo kulikuwa na stika kubwa inayoeleza kila idadi ya kupepesa maana yake nini. Mara nne: joto limepita kiasi. Hiyo stika tuliiona vizuri sote wawili, tukaicheka.

"Joto limepita kiasi!" rafiki akasema, na mvuke unamtoka mdomoni.

Tukakata shauri kwamba stika ni ya mashine nyingine. Nikapiga simu ya dola 180.

Fundi aliyekuja ni pande la mtu, ndevu hadi kifuani. Kabla hajaingia akainama akavifunika viatu vyake kwa vifuko vya buluu. Mama akaniinamia: "Huyu amelelewa." Akaenda kupasha mahamri.

Fundi hakufungua spana hata moja. Alishuka, akaitazama hita kama daktari anayemtazama mlevi, akaingiza vidole kwenye mwanya mwembamba pembeni, pale mfereji mkubwa unapoingilia, mahali ambapo mimi kwa miaka miwili na nusu nilidhani ni pengo tu la bati. Akavuta. Kitu kikakataa. Akavuta tena.

Kilichotoka sitakisahau. Kilipaswa kuwa fremu ya kadibodi yenye kitambaa cheupe kilichokunjwakunjwa kama marinda ya sare ya shule. Marinda hayakuwepo. Palikuwa na blanketi la kijivu, nene kama kidole gumba, limeota manyoya. Ndani yake niliona nywele ndefu za mke wangu, uzi mwekundu wa zulia, bawa la mende, na nyota ndogo ya kumeta ambayo binti yangu aliililia mwaka uliotangulia. Katikati yote ilikuwa imebonyea kuelekea ndani, kama shavu la mtu anayefyonza embe. Na upande mmoja ulikuwa na utando wa hudhurungi unaong'aa, wa kunata.

Fundi akaileta puani. Akasita. Akanusa tena.

"Bwana, nimetoa filta za harufu ya mbwa, za sigara, za bangi. Hii ndiyo ya kwanza inayonukia vizuri kuliko mimi."

Nikaisogelea. Udi. Udi mtupu, udi wa arusi, udi wa usiku wa kumtoa bibi harusi nje. Nikageuka. Mama alikuwa kwenye ngazi na sinia la chai, anatazama ukuta.

"Mama, unafukizia wapi?"

"Pale pale."

"Pale wapi?"

"Pale penye wavu. Nikiweka chetezo hapo moshi haupandi juu, ile kengele yenu hailii. Unaingia wenyewe ndani ya ukuta. Halafu, Mungu mwema, harufu inatokea vyumbani kote."

Rafiki yangu wa Bukavu alilazimika kukaa chini. Mama, bila kusoma kitabu chochote, alikuwa ameielewa njia ya hewa ya nyumba yangu kwa Alhamisi moja tu, mimi mwenye hati nikiwa sijaielewa kwa miaka.

Fundi akala hamri, akala la pili, akanieleza. Filta ikiziba, hewa haipiti. Hewa isipopita, moto unawaka lakini joto halina wa kulibeba, linabaki palepale kwenye hita hadi chuma kinakaribia kuungua. Ndipo swichi ya usalama inakata moto na kuiacha feni ipooze. Ikipoa inawaka tena. Kwa hiyo stika ilisema kweli: hita ilikuwa inazimika kwa joto, sisi tukitetemeka juu yake. Na si kwa ajili ya mapafu yetu peke yake. Hiyo filta kwanza iliwekwa kuilinda mashine yenyewe na vumbi.

"Kiangazi hukuona dalili?" akauliza. "AC nayo ikikosa hewa inaganda."

Hapo nikanyamaza. Julai, siku ya joto la kuchoma, bomba la shaba pale besmenti lilifunikwa na barafu nyeupe kama mkono uliovunjika uliotiwa plasta, na maji yakatuama sakafuni. Nilimwita mwanangu aone. Nilimwambia, "Tazama jinsi AC yetu ilivyo na nguvu." Tulipiga picha.

Akauliza ni lini nilibadilisha filta mara ya mwisho. Nikasema kweli tupu: "Wiki tatu zilizopita." Mke wangu akamwonyesha friji.

Aliniachia filta moja rahisi, ya nyuzi za buluu ambazo unaweza kumwona mtu aliye upande wa pili, akaniambia nikanunue ya marinda, 16 kwa 25 kwa inchi 1, alama 8 za kunasa vumbi. Nichungulie kila mwezi, hasa baridi hii ambapo feni hailali. Siku 90 ni kwa nyumba tulivu. Mbwa, mazulia, kukaanga, watu wengi, kila kimoja kinazipunguza. Zipo za unene wa inchi 4 au 5 zinazokaa miezi 6 hata mwaka, lakini hizo zinataka sanduku lake, na mwanya wangu ni wa inchi moja.

Nilikwenda dukani na futi kamba. Niliipima ile kuukuu nikapata 15 na nusu kwa 24 na nusu, nikatafuta kipimo hicho nusu saa nzima, sikukiona. Mhudumu akaniambia namba ya kwenye boksi ni ya mazungumzo, filta yenyewe hutengenezwa pungufu kidogo ili iingie. Sawa. Halafu nikafika kwenye zile alama: 8, 11, 13. Mimi nimesoma shule za Kenya. Palipo na alama, naambiwa nichukue nane? Nikabeba 13, boksi zima.

Jioni nikaiita familia besmenti. Nikawaonyesha mshale uliochorwa pembeni mwa fremu. "Huu," nikasema, "unaonyesha hewa inakokwenda. Lazima uelekee hita. Watu wengi wanakosea hapa." Nikaisukuma taratibu hadi mwisho wa mwanya, mshale sawasawa. Mama akapiga kigelegele kidogo.

Saa tano usiku, puu.

Nikashuka. Kitaa mara nne. Zima, hesabu, washa. Dakika tatu sasa, si saba. Nikakagua kila kitu. Nikatoka nje na koleo nikachimbua theluji kwenye bomba la moshi. Nikabadilisha betri za themostati. Kitu kimoja sikukigusa, kwa sababu kilikuwa kipya, cha alama 13, na mshale wake niliuelekeza mwenyewe. Mke wangu aliuliza mara mbili, "Na filta?" Mara zote mbili nilimjibu kwa sauti ya mtu aliyetukanwa. Tukalala wote sebuleni, watoto katikati, kama samaki kwenye tenga.

Asubuhi fundi akarudi. Akavaa vifuko vyake, akamwamkia mama kwa mkono kifuani, akauliza kama ile mikate ya pembetatu ipo. Akashuka, akaingiza vidole, akavuta.

Filta ikatoka inang'aa. Nyeupe pe. Marinda yote yamenyooka. Na imefunikwa, mbele na nyuma, na nailoni yake ya dukani, ambayo feni ilikuwa imeifyonza ikabana kama ngozi ya ngoma. Kwenye kona, karatasi ya bei.

Hakuna aliyesema kitu. Fundi aliigonga kwa kucha: tung, tung.

"Nailoni hujaitoa," mama akasema.

"Mama."

"Mtoto mkubwa kama wewe. Nani alikufundisha kuacha vitu na nailoni?"

Hapo niliishiwa uvumilivu. Maana mimi nimekulia kwenye makochi yaliyovaa nailoni hadi nikamaliza darasa la nane. Ukikaa na kaptula mapaja yanabaki kwenye kochi. Nimelalia godoro linalokwaruza usiku kucha kama mtu anakula krispi. Rimoti ya televisheni yetu ilipokufa, ilizikwa na nailoni yake. Siku nilipokibandua kipande kimoja tu kwenye pembe ya friji nilikimbizwa hadi kwa jirani. Nikamkumbusha moja baada ya jingine, pale besmenti, mbele ya fundi, ambaye hakuelewa neno lakini alikuwa anakula na kutikisa kichwa.

Mama alinisikiliza hadi mwisho. "Zile zilikuwa za kuweka," akasema. "Hii ni ya kutumia."

Fundi akaichana nailoni, akapima nguvu ya hewa, akakunja uso. Kwa feni yangu na unene wa inchi moja, akasema, hiyo 13 inaibana mashine pumzi. Niiweke kando kwa siku za moshi wa misitu, kama ule uliotujia kutoka Kanada mwaka 2023. Kwa sasa nane. Akachukua moja kwenye gari lake, akaniandikia tarehe kwenye fremu kwa kalamu nene. Hakunitoza hata senti. Alitoka na mahamri kumi na mbili kwenye karatasi, na vifuko bado miguuni, akatembea navyo kwenye theluji mpaka garini.

Jioni tulikaa kikao. Nikamweleza mama kuwa chetezo na wavu sasa basi. Afukize jikoni, feni ya jiko ikiwa imewashwa, inatoa moshi nje. Akasema amesikia.

Mwezi ulipotimia nikashuka na tochi. Nikaichomoa filta, nikaiinua mbele ya taa, kama fundi alivyonifundisha: ukiona mwanga unapita, irudishe, usipouona, itupe. Siku thelathini kamili. Mwanga haukupita hata chembe, na besmenti yote ikanukia kama ukumbi wa arusi kabla bwana harusi hajaingia.

Nikapanda nayo juu mkononi. Mama alikuwa anasuka ukili wa mkeka mbele ya televisheni, hakuinua macho. Mke wangu aliitazama filta, akamtazama mama, akaenda kwenye friji, akakibandua kile kikaratasi cha manjano.

"Hizi siku 90," akasema, "aliziandika mtu ambaye hakuletewa mama mkwe."